Pisi ya gemu ya kwanza ukiwa Amu na mfuko hauruhusu

Usiku mmoja mtoto wa khalati yangu, ataka pisi (kompyuta) ya gemu, kanitumia picha tatu za keisi, lile kasha lake la nje. Keisi tupu. Kioo ubavuni, feni sita, mataa yanabadilika rangi kama jukwaa la harusi, na chini kaandika "kaka, hii vipi?" Nikamuuliza ndani utatia nini, akasema hilo bado, ataka ashike keisi kwanza ndo moyo utulie. Ana 55,000, pesa ya kubeba wageni na boti kaskazi yote, na kama ningemwacha theluthi ingeenda kwenye kioo na mataa halafu ndani pabaki pa kutia dua.

Kwa hivo nimemwandikia haya, na nikaona bora niyaandike kirefu manake si yeye peke yake, kila nikipita Langoni hapa Amu (Lamu) kuna kijana ananishika bega aniulize kadi gani nzuri, yani kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu.

Shika jambo moja kabla hatujaenda mbali. Mtu wa Nairobi akinunua kitu kisichoingia anarudi nacho Luthuli kwenye maduka ya elektroniki dakika kumi, kelele kidogo, anabadilishiwa. Wewe na mimi tukikosea ni boti mpaka Mokowe upande wa bara, basi mpaka Mombasa au Nairobi, pesa ya kifurushi kwenda na kurudi, na muuzaji ambae kashapokea M-Pesa yake na simu sasa anaipokea akijisikia. Hapa kwetu rahisi si kile chenye bei ndogo, rahisi ni kile kinachowaka siku kilipofika.

Yalinikuta mwenyewe. Pisi yangu ya kwanza nilichukua Dell ya mtumba, ile nyembamba, afu kadi nikaiagiza kivyake kwa muuzaji mwengine. Siku ya tano imefika, nimetoka nayo jeti nimeikumbatia kama mtoto mchanga, nikafungua keisi, nikaiweka juu ya sloti, lile tundu refu la kutilia kadi, na kile kibati cha mwisho wa kadi kikazidi ukuta wa keisi kwa upana wa vidole viwili. Kadi haikuwa mbovu, ilikuwa ndefu tu. Muuzaji akasema kitu kizima hakirudi na wallahi hakuwa na kosa, mimi ndo sikuuliza. Kadi ikalala kabatini miezi minne pamoja na nguo za Idi.

Hatua ya 1: andika gemu, usiandike vipuri

Chukua karatasi. Andika gemu tatu au nne ambazo utazicheza kweli, sio zile umeona mtu anacheza YouTube. Kama ni Valorant, CS2, eFootball na GTA V, wewe huhitaji mashine kubwa, kadi ya daraja la GTX 1650 inatosha ukikubali kushusha mapambo ya picha kidogo. FC 25 kwa kima cha chini inataka kadi ya daraja la GTX 1050 Ti, RAM (kumbukumbu ya kazi) 8GB na nafasi ya 100GB, hapo pia hujalia. Lakini ukiandika Cyberpunk 2077 basi ujue wenyewe walipandisha masharti 2023, chini kabisa ni GTX 1060 ya 6GB, RAM 12GB na lazima SSD, ile diski ya kasi, na hicho ni kima cha chini cha kukokota, si cha kufurahi.

Karatasi hiyo ndo itakayoamua pesa. Binamu yangu aliandika FC, GTA na Valorant, nikamwambia basi yakhe umepona, mataa achia harusi.

Hatua ya 2: mtumba wa ofisi au mashine mpya?

Njia ni mbili na nusu.

Ya kwanza, ninayoipenda mimi kwa mtu wa bajeti ndogo, ni kununua zile kompyuta za ofisi zinazokuja kutoka Uingereza, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, afu unatia kadi. Unapata prosesa (ubongo wa mashine), madabodi (bodi kuu inayoshika vyote), RAM, pawasapulai (kile kisanduku cha kugawa stima ndani) na keisi kwa mkupuo, na vyote vimeshaishi pamoja miaka bila kugombana. Na sasa kuna sababu zaidi, tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya, kwa hivo mashine inayokuja na RAM yake ndani imekupunguzia machungu.

Lakini mashine hizi zina maumbo matatu na hapa ndo nilipopotea mimi. Kuna kidude kidogo kama kitabu kinene, hicho kadi haiingii kabisa, kiache. Kuna nyembamba ya kulala, inaingia kadi fupi tu, ile kibati chake kina kama sentimita 8, kadi ya kawaida ina kama 12, na nyembamba nyengine hata kadi fupi ikiwa nene yagonga pawasapulai. Na kuna tawa, ile ya kusimama. Chukua tawa. Muuzaji akikwambia "zote sawa tu" huyo hajawahi kutia kadi.

Halafu angalia kizazi cha prosesa. Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel yakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Yani i5-8500 ndio, ina koa (core, bongo ndogo za ndani) sita na kwa gemu za karatasi yako imekaa sawa. i5-6500 ina koa nne na ni ya 2015, bei yake itakuvutia lakini ukitaka Valorant juu ya Windows 11 ile programu yao ya kuzuia wanaocheza kwa hila inataka TPM 2.0 na Secure Boot, kinga mbili za ndani ya mashine, na mashine ya zamani hapo ndo inaanza kukuzungusha. Kwenye OptiPlex tafuta 3060, 5060 au 7060, kwenye EliteDesk 800 tafuta G4, kwenye ThinkCentre tafuta M720 au M920. Zile zinazouzwa "i7" kwa bei ya kutupa mara nyingi ni kizazi cha 4, i7-4770 ya 2013 na RAM ya DDR3. i7 ni jina tu, soma namba inayofuata.

Njia ya pili ni kukusanya mpya, ya kwako mwenyewe, ikiwa mfuko unafika. Na ile nusu ni kununua Ryzen 5 5600G bila kadi. Hii prosesa ina grafiki zake ndani, unacheza gemu nyepesi leo, kadi unatia mwakani pesa ikipatikana. Mimi sioni aibu yoyote kwa njia hii, tena kwa mtu anaelipwa kwa msimu ndo inamfaa.

Hatua ya 3: kadi, na hapa usiwe na haraka

Kwenye kila 100 ya mashine yenyewe, bila skrini, mimi natenga 35 mpaka 45 ziende kwenye kadi. Kadi ndo gemu. Vyengine vyote vinaisaidia tu.

Ukiwa na tawa ya ofisi, swali la kwanza si "kadi gani ina nguvu", swali ni "pawasapulai yangu ina nini cha kuipa". Zile pawasapulai za ofisi nyingi ziko kati ya wati 180 na 260, na Dell na HP plagi zao hazifanani na za kawaida, kwa hivo usijipe moyo ati utabadilisha kesho. Sloti yenyewe yaweza kuipa kadi wati 75, bas. Kwa hivo unatafuta kadi inayokula 75 au chini na isiyokuwa na tundu la pawa kichwani. GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi ziko hivo, lakini si zote, kuna 1650 zina tundu la pini sita, kwa hivo mwambie muuzaji akupigie picha ya ubavu wa juu wa kadi uone kwa macho yako.

Utaonyeshwa pia RX 6400. Inakula wati 53, yavutia, na ipo fupi. Tatizo lake inapita njia nne tu kwenye sloti, ilitengenezwa kwa sloti mpya za kizazi cha 4, ukiitia kwenye OptiPlex yenye sloti ya kizazi cha 3 (cha sloti, si cha prosesa) inapoteza mwendo, na kurekodi gemu kwa kutumia kadi haiwezi. Dada yake RX 6500 XT ana tatizo lile lile. Si haramu, lakini kwa pesa ile ile mimi nachukua 1650.

Ukiwa unakusanya yako na pawasapulai ya maana, hapo RX 6600 ya mtumba ndo mke mwema. 8GB, wati 132, plagi moja ya pini nane, AMD wenyewe wanasema wati 450 zinatosha. Inacheza karibu kila kitu kwenye 1080p, yani skrini ya 1920 kwa 1080. RX 580 ya 8GB utaikuta rahisi zaidi lakini ni ya 2017, inakula wati 185, na nyingi zilikesha kuchimba sarafu za mtandaoni miaka. Tena iko 580 yenye maneno "2048SP" nyuma ya jina, hiyo ndani ni sawa na 570 imevishwa kanzu, ile 580 ya kweli ina 2304. Muuzaji hatokwambia, sanduku lenyewe wakati mwengine haliwambii.

Na ziko kadi za uongo kabisa. Mtu anachukua kadi kizee ya zaidi ya miaka kumi, anaiandikia programu yake upya ijiite GTX 1050 Ti, Windows inasoma 1050 Ti, wewe unashukuru Mungu, ukifungua gemu mashine inaganda. Dawa yake nitaisema chini.

Hatua ya 4: prosesa na madabodi (wa mtumba ruka)

Kwa bajeti yetu mimi naona mbili tu. Ryzen 5 5600, koa sita, nyuzi (threads, kazi inazoshika kwa pamoja) kumi na mbili, au i3-12100F, koa nne, nyuzi nane, na hiyo i3 usiidharau kwa jina lake. Angalia herufi za mwisho. F ya Intel maana yake haina grafiki ndani, bila kadi hupati picha hata ya BIOS, ile programu ya mwanzo inayoamsha mashine. G ya Ryzen maana yake inazo. Ryzen 5 5600 kavu haina, 5500 pia haina. Nimeona mtu kanunua 5500 akidhani ni 5600G kasoro namba, akakaa wiki mbili anaambia watu skrini yake mbovu.

Kwa Ryzen hizi madabodi ni ya AM4 (aina ya tundu la prosesa), B450 au B550, i3 yataka yake ya Intel. Ukichukua B450 ya zamani muulize muuzaji BIOS yake ishasasishwa kwa Ryzen 5000 au bado, na kama bado aisasishe yeye huko huko, manake ukiletewa hivo hivo haitowaka na hapa hutapata prosesa ya zamani ya kuazima. Tena ndo yale yale ya boti.

Hatua ya 5: pawasapulai

Watu wanaipuuza hii kwa sababu haionekani na haina sifa, hakuna aliewahi kumwonyesha mwenzake pawasapulai. Lakini ikifa peke yake ushukuru, yangu ya pili ilikwenda na madabodi. Stima ilipotea baada ya magharibi kama kawaida, ikarudi kwa kishindo, nikasikia "tap", na chumba kikanuka samaki aliyeungua plastiki, sijui nielezeje. Kwenye sticka ilikuwa imeandikwa 500W.

Sasa hiyo sticka nikufundishe kuisoma. Usitazame ile namba kubwa ya mbele. Tafuta jedwali dogo, mstari wa +12V, utaona namba yenye herufi A. Ipige mara 12. Yangu ilikuwa 18A, kwa hivo 12 mara 18 ni 216. Wati 216! Hizo 500 zilikuwa za kupamba. Pawasapulai ya kweli ya wati 450 utaikuta na 35 au 36A kwenye mstari huo. Ishike pia mkononi, au muulize muuzaji aipime, ya kweli ni nzito, ya uongo ni nyepesi kama mkate wa mofa. Na nyuma ikiwa na kile kiswichi chekundu cha 115 na 230, hakikisha kimekaa 230 kabla ya kuchomeka popote, Kenya ni 240 na ukiwasha kikiwa 115 hupati nafasi ya kujuta.

Upande wa ukuta, chukua gadi ya TV, ile inayosubiri kidogo stima ikirudi ndo inaruhusu. Usichomeke tupu. UPS ya 650VA ni nzuri ukiweza, lakini elewa kazi yake, ni kukupa dakika chache ufunge mashine kwa adabu, sio umalize mechi. Na kama nyumbani token anunua mzee, mwambie hesabu mapema kuliko aigundue mwenyewe: mashine ikila wati 200 pamoja na skrini, masaa matano ni yuniti moja.

RAM na SSD, kwa ufupi

16GB. Vijiti viwili vya 8, sio kimoja cha 16, vikiwa viwili vinafanya kazi sambamba na kwa 5600G tofauti yaonekana kwa macho kwa sababu grafiki zake zinakula RAM hiyo hiyo. Mashine ya ofisi ikija na 8GB kijiti kimoja, ongeza chengine cha aina na kasi ile ile. DDR4 na DDR5 haziingiliani, mkato wa chini ni tofauti, usilazimishe.

SSD ya 500GB kwenda juu. Ile ya SATA ya inchi 2.5 yakubalika kila mahali, ile ya M.2 aina ya NVMe ni mbio zaidi lakini hakikisha mashine ina sloti yake. Hadi diski (hard disk) ya zamani iweke ya sinema na picha za familia, Windows usiitie humo, utazeeka.

Keisi na chumvi

Haya ndo nilitaka kuyaandika kuliko yote, manake huko kwengine wanakofundisha hakuna anaekaa mita sitini kutoka baharini.

Yangu niliiweka karibu na dirisha la mbele, upepo mzuri, nikajiona mjanja, feni ya bure. Baada ya kusi moja nikaifungua. Skrubu za nyuma zimegeuka rangi ya majani ya chai. Kile kibati cha matundu ya USB kina madoa ya kutu kama ukurutu. Na kwenye mabawa ya feni kumeganda kitu cha kijivu, sio lile vumbi kavu la kupuliza likaruka, hili lina chumvi ndani, lanata, ukipitisha kidole unaacha mstari kama kwenye unga uliomwagikiwa maji. Nikahangaika nalo na brashi ndogo ya rangi na ile alkoholi ya isopropili wanayotumia mafundi wa simu, asubuhi nzima, bawa moja moja, feni nimeishika isizunguke.

Kwa hivo: mbali na dirisha la bahari. Nyumba yenu ikiwa ya mawe ya zamani zile kuta nene zinakusaidia sana, ndani pana baridi kuliko chumba cha mabati, tumia hiyo. Lakini usiitie kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani, ati yapendeza, kidaka ni cha sahani za kichina, pisi yataka hewa mbele na nyuma. Usiiweke sakafuni pia, mezani au hata juu ya kigogo. Keisi yenye wavu mbele ndo ya hali yetu, kioo mbele chafunga hewa na joto letu bila gemu tayari ni 30. Feni mbili, moja yavuta mbele, moja yatoa nyuma, zimetosha, sita za nini. Mashine ikikaa bila kuwashwa wiki nyingi ndo chumvi na unyevu vinapata nafasi, kwa hivo hata ukiwa na mitihani iwashe siku mbili tatu ipate joto. Ifungue na uisafishe kila baada ya miezi mitatu, kusi hata miwili.

Skrini sitaki kuirefusha. Dell ya mtumba ya inchi 22 au 24, 1920 kwa 1080, basi. Hakikisha ina DisplayPort au HDMI, kadi za siku hizi VGA, lile tundu la zamani la skrini, hazina na ile adapta ya kubadilisha nayo ni gharama na usumbufu.

Hatua ya 6: kabla hujatuma shilingi

Piga simu ya video. Sio picha, video, mashine imewashwa mbele yako. Muuzaji mzuri hakasiriki, akikasirika ushapata jibu lako.

Mwambie afungue GPU-Z, hiyo programu nyingi za kadi za uongo inazitambua na inaandika waziwazi, na kama ni 580 hapo utaona 2304 au 2048. Mwambie awashe FurMark, programu ya kuichosha kadi, robo saa mkiwa mnazungumza habari za dunia, kadi ikizima au ikitoa madoa ya rangi, kwaheri. SSD mwambie afungue CrystalDiskInfo akuonyeshe afya yake. Afu azime, awashe, aingie BIOS mbele yako, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo, manake mashine za ofisi nyengine zinakuja na neno la siri la kampuni ya huko Uingereza na wewe hutaweza kubadilisha kitu humo ndani, hiyo Secure Boot utaisikia tu. Mwisho apige picha ya namba ya mashine na kikaratasi chenye jina lako pembeni.

Ukiweza nunua kila kitu kwa mtu mmoja. Utalipa zaidi kidogo, lakini kisipowaka hakuna wa kumsukumia mwenzake.

Hatua ya 7: safari

Kadi itolewe ndani ya mashine, ifungwe kivyake. Hili lisisitize mara tatu. Kadi ikining'inia kwenye sloti kutoka Nairobi mpaka Mokowe na zile rasta zote, itafika imevunja sloti. Kila kitu kwenye plastiki mbili, afu sponji, afu boksi. Kwenye boti usiweke mbele, mbele ndo maji yanaruka, kaa nayo katikati chini ya turubai. Kutoka jeti keisi yaweza kupanda punda ukiifunga vizuri na mwenye punda ukamwomba aende taratibu. Skrini beba mwenyewe.

Hatua ya 8: siku ya kuwasha

Gusa chuma cha keisi kabla ya kushika kipuri, kila mara. RAM ikiwa sloti nne na vijiti viwili, mara nyingi ni ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa. Bonyeza mpaka isikike. Kadi nayo ibonyeze mpaka kile kikufuli cha mwisho wa sloti kilie, afu funga skrubu. Ikikataa kuwaka, toa RAM, pangusa, rudisha, nusu ya vifo vyote ni hapo.

Waya wa skrini unachomekwa kwenye KADI. Sio kwenye madabodi. Nimepanda ngazi za ghorofa ya tatu kwa kijana mmoja mtaa wa Mkomani saa nne usiku kwenda kuchomoa waya mahali pamoja na kuuchomeka sentimita kumi chini yake. Mamake akanipa chai na mahamri kwa ufundi huo.

Kama ni mashine ya kukusanya ingia BIOS uwashe XMP, bila hiyo RAM yatembea polepole kuliko uliyoilipia. Draiva za kadi zichukue kwa wenyewe, NVIDIA au AMD, zisitoke kwengine.

Na gemu? GTA na FC kwa bando za simu utauza boti. Tafuta mtu Malindi au Mombasa mwenye intaneti ya waya na mwenye gemu hizo kwenye Steam (duka la gemu la mtandaoni), umpelekee hadi diski ya nje, akunakilie yale mafolda ya gemu, ukija unayaweka kwenye folda ya Steam yako, gemu uwe umeinunua kwa akaunti yako, afu unabonyeza kusakinisha, Steam inakagua kilichopo na kushusha kilichopungua tu.

Binamu yangu mwisho wa mambo kachukua 7060 tawa, i5-8500, 8GB kaongeza 8, SSD ya 500 na 1650 isiyokuwa na tundu, na skrini ya mtumba. Imefika Alhamisi na boti ya jioni. Bibi kaisikiliza ikiwaka, akasema "hili lanong'ona tu, nilidhani litanguruma kama injini," afu akauliza itakaa wapi, na akanyoosha kidole kwenye kidaka.

Nimeshamwambia.